Uenyekiti wangu nikiwa kwenye eda

Mume wangu alifariki wiki ile ile tuliyokuwa tunasubiri kupima mwani. Watu wa pwani mshanielewa, maana mie ndo mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake wakulima wa mwani hapa Jambiani, Zanzibar, na eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, hutoki, na bahari nayo haimsubiri mtu, bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka mbali, linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, nilikuwa nahesabu kwa mkaa ukutani, yalinipita manane.

Hitma ikapita watu wakatawanyika, nikaanza kusikia maneno. Mzee mmoja upande wa marehemu akasema kwani lazima awe yeye, mwanamke kafiwa atulie awapishe wenziwe. Nikanyamaza. Ila moyoni nikasema, Mama Samia kwao Makunduchi hapo jirani tu na tangu 2021 ndo rais wa nchi nzima, mie kikundi cha mwani ndo kinishinde? Nikamtuma shangazi amuulize ustadhi wetu, akajibu kuzungumza kazi kwenye simu hakuna ubaya.

Basi nikaharibu mwenyewe, na voisi. Narikodi voisi za dakika sita saba kwenye grupu la WhatsApp, nalia humo humo naamrisha humo humo, huyu kachelewa kufunga kamba, yule asianike mchangani. Watu wakanuna. Na nusu yetu wana vitochi, visimu visivyo na WhatsApp, wao habari inawafikia ishapikwa na mwengine na chumvi imezidi. Ikafika wanasema bi mwenyekiti kakaa ndani anatuendesha kama watoto wa skuli, na walikuwa hawajakosea.

Nikaacha. Kila siku baada ya alasiri nikawa napiga simu kwa watu watatu tu, mmoja mmoja, na mwani sianzi nao, naanza na mtoto homa ishashuka, mkweo kashajifungua, kazi inakuja mwisho wenyewe. Wenye vitochi wakawa wanapita kwangu wakitoka pwani, wanaingia na chumvi miguuni, tunakunywa chai, naambiwa yote.

Ufunguo ndo ulinitesa. Sanduku letu la hisa lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mmoja mie. Nikampa makamu wangu mbele ya mashahidi wawili, usiku ule sikulala, yeye namwamini, ila nilihisi kama nimevuliwa nguo. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Halafu bamvua la tano tajiri anayenunua mwani wetu (simtaji) akaja na mizani yake akasema mwani una mchanga, bei inashuka. Na sisi tunalima spinosum, aina ya mwani wa bei ya chini, ile nyengine kotonii yenye bei nzuri ishatukataa, maji yamekuwa moto inaoza, kwa hiyo hata shilingi hamsini kwenye kilo kwetu ni kitu. Makamu akanipigia pale pale, kelele za wanawake nyuma. Mie nilikuwa nishafungua mdomo kusema uzeni, masika ilikuwa ishaanza na mwani mkavu ukinyeshewa umekwisha. Akanambia dada, hapana, hili niachie. Wakajaza mapolo wakayaweka kwenye banda la wifi yangu, siku nne, mvua inanyesha na mie roho juu. Tajiri akarudi akapima kwa bei ya mwanzo. Ingekuwa kwa amri yangu tungekula hasara, nasema kweli.

Eda ilipokwisha nikateremka pwani asubuhi, maji yametoka mbali kabisa. Walikuwa wamenifungia kamba kumi na mbili, tatu zimechukuliwa na bahari, kazi ya mwanangu hiyo, hajui kupiga fundo. Makamu akanirudishia ufunguo kauviringisha kwenye pembe ya kanga. Nikamwambia kaa nao. Grupu bado lipo, ila voisi mwisho dakika moja, na sharia hiyo niliipendekeza mie.