Jinsi matumbawe yangu yalivyoacha kufa
Kwa miezi mitatu kila tumbawe nililonunua kwa tangi langu la maji ya chumvi nyumbani lilikufa. Akropora, ile yenye matawi, nyama yake ilibanduka kuanzia chini ikabaki mifupa mieupe. Iliniuma, ni kiumbe hai.

Nilipima maji: chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji baridi), joto nyuzi 25, sawa. Shida ilikuwa alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi: leo 9, kesho kutwa 7. Tangi bado changa, halijatulia, na akropora haivumilii kuyumba huko.

Nikageukia matumbawe laini: diskosoma lenye umbo la uyoga, zoanthasi zinazofanana na maua madogo, na sarkofitoni lenye mwili kama ngozi. Nilichagua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, si vilivyovunjwa baharini, nikaviweka chini kwenye mwanga hafifu. Zoanthasi nazishika kwa glavu tu, maana baadhi zina sumu kali mno.

Wiki ya pili sarkofitoni ilijikunja, ikafunikwa na utando kama nta. Nusura niitoe! Kumbe ilikuwa inajivua ngozi. Nikageuza pampu ili mkondo upite juu yake. Siku ya sita utando ukabanduka, vikono vyake vidogo vikachanua vyote.

Diskosoma moja sasa zimekuwa nne.