Siku moja maishani mwangu: bodaboda wa piza, Tanga mjini

Saa 12 asubuhi. Saa hizi hakuna anayewaza piza. Asubuhi mimi ni bodaboda kama wengine: wanafunzi, mama anayewahisha uji wa mgonjwa hospitali ya Bombo, mtu wa Dar aliyechelewa na basi lake linaondoka Kange. Pikipiki si yangu. Kila jioni kuna hesabu ya tajiri, kwa hiyo natafuta kwanza ya tajiri na ya mafuta, ya kwangu baadaye. Chai nakunywa kijiweni Chumbageni na muhogo wa kukaanga. Sanduku la chakula nimeliacha nyumbani, maana ukilifunga mapema abiria anakosa pa kukaa.

Saa 3. Nampakia kijana mmoja mgeni, ametoka Mwanza kikazi, amefikia Raskazone. Njiani ananiuliza, "Kaka, humu mjini piza nzuri kuliko zote iko wapi?"

Nikamuuliza, "Utakula palepale au nikuletee hotelini?"

Akacheka, akadhani namzungusha. Nilikuwa nimeanza kumjibu. Watu wanataka jina moja la mkahawa, basi. Mimi ninayezibeba naona jibu ni mawili: kuna piza ya kula mezani na kuna piza ya kusafiri, na ni nadra jiko moja kuzipatia zote. Nikamwachia namba, nikamwambia akitoka kazini anipigie, atakuja kuona mwenyewe.

Saa 4. Nimerudi kufunga sanduku, sasa niko soko la Mgandini. Mkahawa ninaoubebea zaidi una mpishi mwanamke, mtu mzima, sote tunamwita Shangazi. Hupenda kunituma nyanya kwa sababu nilishajifunza anazozitaka: zile ndefu, zenye nyama nene na mbegu chache. Nyingi zinashuka kutoka Lushoto. Mvua ikikaza milimani na barabara ikasumbua, bei inapanda, na hapo ndipo unapoona mikahawa mingine inaanza kumimina tomato ya chupa. Shangazi anasema nyanya yenye maji mengi inalowesha unga kutoka juu kabla hata mvuke wa boksi haujaulowesha kutoka chini. Ananituma pia hoho na vitunguu, ila kwenye hivyo hana maneno mengi.

Saa 5. Hii ndiyo saa yangu ya raha, ingawa hainiingizii hata mia. Nasimama mlangoni mwa jiko la Shangazi na kuangalia. Madonge ya unga hukandwa jana yake: ngano, maji, chumvi na hamira kidogo sana, yakalala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi anayatoa yapungue ule ubaridi. Anabonyeza donge moja kwa kidole. Shimo likirudi haraka, bado. Likibaki limezama, limepitiliza. Likirudi taratibu na kuacha alama kidogo, tayari. Kisha analitandaza kwa vidole tu, kutoka katikati kwenda pembeni, haligusi kwa kifimbo cha chapati. Kifimbo, anasema, kinaua mapovu yote ambayo hamira imeyafanyia kazi usiku mzima, na ukingo unatoka mgumu usio na hewa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini piza yake haina yale madoa meusi ya kuungua ninayoyaona kwenye picha za Italia. Akafungua mlango wa oveni yake ya gesi. "Hii ikijitahidi sana ni nyuzi 300." Kule Napoli, Italia, ilikozaliwa piza hii tunayoijua, kuna chama cha wapishi kilichoanzishwa mwaka 1984 kulinda upishi wao, na kanuni zao zinataka oveni, kwa desturi ya kuni, yenye moto wa nyuzi 430 hadi 480 hivi, piza iive kwa sekunde 60 mpaka 90. Sekunde! Ya Shangazi inakaa dakika saba au nane. Ukiweka unga wa Napoli kwenye oveni yake kwa muda huo utakauka uwe mbao, ndiyo maana yeye anatia mafuta kidogo kwenye unga wake. Piza inatoka imara zaidi, chini kahawia, ukiinua kipande hakiinami. Kwa mtu wa Napoli hiyo si piza ya kwao. Kwa mtu wa Majani Mapana anayeisubiri nyumbani, ndiyo yenyewe.

Saa 7 mchana. Oda za maofisini. Bandarini moja, benki mbili, na duka la vipuri ambako vijana wamechangishana. Saa hii pia nabeba kutoka mkahawa mwingine, ule wa karibu na bahari wenye oveni ya kuni. Wanachoma mvinje mkavu, na mvinje una moto mkali kwelikweli. Piza yao ikitoka inachekesha kwa uzuri: ukingo umevimba, chizi bado linachemka, katikati laini. Nimeonjeshwa pale jikoni na sina la kusema.

Shida ni safari. Kitu cha moto ukikifungia kwenye boksi kinatoa mvuke, mvuke unagonga kifuniko, unarudi kwenye unga. Nikifika nayo Kange imelegea kama chapati iliyofunikwa ingali ya moto. Mteja ananitazama mimi, wala hamfikirii mpishi. Baadaye Shangazi akaniambia kuwa hata wale wa Napoli kwenye kanuni zao wanasema piza yao iliwe mara moja, palepale inapotoka ovenini. Na hawa si watu wa kubahatisha, mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kumbe kosa si la boda.

Shangazi mwenyewe ana mambo mawili anayoyafanya ambayo sijayaona kwingine hapa mjini. Piza ikitoka anaiweka juu ya waya kwa dakika nzima, ipumue, ndipo aikate na kuitia kwenye boksi. Na yale matundu ya pembeni ya boksi, ambayo wengi wanayaacha yamezibwa, anayafungua yote kwa kidole. Basi. Kuna sehemu moja, sitaitaja, wanaikunja kwenye foili, halafu boksi, halafu wanaomba niifunike na taulo isipoe. Haipoi kweli. Inafika ya moto na inaliwa kwa kijiko.

Saa 9 alasiri. Hakuna kazi. Tupo kivulini, mmoja anasoma habari kwenye simu na sisi tunasikiliza. Leo imekuja ya Domino's, kampuni kubwa ya piza ya Marekani. Zamani walikuwa wakiwaahidi wateja kuwa piza isipofika ndani ya dakika 30 ni ya bure. Mwaka 1993 wakaifuta ahadi hiyo, baada ya baraza la mahakama kumpa mama mmoja fidia ya dola milioni 79 hivi kwa kugongwa na dereva wao. Kijiwe kizima kikanyamaza kidogo, kisha kila mtu akaanza kusema lake. Langu ni hili: mteja wa Mikanjuni anayeniambia "wahi bosi, njaa inauma" hajui anachokiomba. Nikipita matuta kwa kasi chizi lote linahamia upande mmoja, na mimi mwenyewe naweza kuhamia mtaroni. Piza inataka ilale bapa na dereva aende taratibu. Dakika tano za kuchelewa hazijawahi kuiharibu kama tuta moja lilivyoweza.

Saa 11 jioni. Yule mgeni wa Mwanza kapiga. Nafungua sanduku kwanza, nampeleka kwenye oveni ya kuni, maana yeye atakula palepale. Namwelekeza akae meza ya karibu na jiko, aagize kwanza ile ya kawaida, ya nyanya na chizi tu, kwa sababu hiyo haina pa kuficha kosa. Ikija ainue kipande atazame chini. Ikiwa nyeupe na imepauka, unga haukuiva, hata kama juu kumepambwa vipi. Ikiwa na madoa ya kahawia yaliyotawanyika, yupo salama. Na mafuta yakisimama juu kama kidimbwi, aulize chizi gani limetumika.

Akanisikiliza vizuri sana. Kisha akaagiza yenye kuku, nyama ya kusaga, soseji na nanasi. Haya. Ya nanasi yenyewe si ya Italia wala ya Hawaii ingawa inaitwa hivyo. Ilianzia Kanada mwaka 1962, kwa mwenye mkahawa aliyezaliwa Ugiriki. Mgeni wangu aliinua kipande lakini, akatazama chini, akaninyanyulia dole gumba kutoka mezani. Nikaondoka kulifunga tena sanduku, oda zimeanza kuita.

Saa 1 usiku. Leo Ijumaa, nani atapumua. Sahare, Donge, Ngamiani barabara ya 12, Makorora. "Nyumba yenye geti jeusi," na mtaa mzima una mageti meusi. Mmoja amelipa kwa simu, ujumbe hauji, tumesimama gizani wote wawili tunatazama skrini. Mwingine alitaka "piza kama ya Forodhani". Nikamwambia, dada, hiyo ya Zanzibar ni kitu kingine: unga mwembamba unatandazwa, unatiwa kima, kitunguu na yai, unakunjwa na kukaangwa kwenye chuma. Ni ndugu wa mkate wa kima, jina tu ndilo la piza. Kwa upande wangu ile inasafiri vizuri kuliko zote, maana imejifunga yenyewe. Akasema basi nimletee ya kuku.

Saa 4 usiku. Jiko limezimwa. Shangazi ametuachia moja iliyoungua ukingo. Imepoa, lakini tunayo dawa: kikaango kikavu, moto mdogo, kipande kinakaa dakika chache hadi chini kukauke tena, na mfuniko juu mwishoni chizi lilegee. Maikrowevu usijaribu.

Wakati tunakula likaanza lile la kila siku, mkahawa upi unaongoza Tanga. Mimi nikasema ya mezani ni ya kuni, ya kubebwa ni ya Shangazi. Mwenzangu akakataa katakata, bora ni ya pale kwa foili na taulo, hajala nyingine ikamfurahisha vile. Tukambana aeleze. Kumbe amepanga chumba nyuma ya ukuta wa mkahawa huo, wanampitishia dirishani kabla haijafungwa.