Kamba watatu

Jamani ndo tumeingia nyumbani saa hii na bado nna hasira na njaa, vyote pamoja.

Si mwajua Malindi yetu, Waitaliano wapo tangu zile enzi za kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, kule Ngomeni, miaka ya 1960, mpaka muuza vinyago anakupigia ciao kabla ya hujambo. Leo bethdei ya mama watoto nikasema acha nami nimpeleke kwenye mkahawa wao nionekane mume.

Spageti za kamba, 2,400 sahani moja. Tukakaa saa nzima na zaidi.

Sahani ikaja kubwa kama ungo, chakula chenyewe kimejikunja katikati kama kiota cha ndege. Nikahesabu kamba. Watatu! Na mmoja wao wallahi alikuwa kama ukucha wa mtoto, kila nikimgusa na uma anakimbilia pembeni.

Tambi ngumu, nikamwita weita, ati "hiyo ni al dente bosi". Al dente naijua, ni kukaza kidogo kwenye jino, sio kukatika ka! kama njiti ya kiberiti.

Bili kuja, kuna 300 kila mtu eti coperto, yaani mkate ambao hatukuuitisha na ulikuwa wa jana. Mama watoto hakusema neno, akaikunja risiti polepole akaitia kwenye pochi. Huo ukimya ndo umenimaliza.

Njiani tukasimama kwa viazi karai vya 100, akacheka kwa mara ya kwanza leo.

Nyie mshapigwa hivi wapi? Semeni nijifariji.