Kupima tovuti ya bei za korosho kwa watu 5

Kujua kama tovuti ya bei za korosho inaeleweka hakuhitaji maabara. Watu 5 wanatosha kwa duru moja, kama Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alivyoeleza mwaka 2000, ila wawe wakulima wa Newala au Tandahimba, si vijana wa ofisini Mtwara mjini. Kila mmoja atumie simu yake mwenyewe. Kioo kilichopasuka na bando dogo ni sehemu ya jaribio.

Mpe kazi 3, mfano “tafuta bei ya mnada uliopita”. Usitaje neno lililoandikwa kwenye kitufe, maana atalisaka hilo tu. Kisha nyamaza! Wengi huharibu hapa: mtu akikwama kidogo, wanamwonyesha njia, na kasoro inafichika.

Bajeti ni nauli, soda na bando la kumrudishia. Rekebisha, halafu pima tena kwa wengine.