Tulivyoacha kuwasha jenereta usiku kwenye mtambo wa dhahabu

Mimi ni fundi umeme kwenye kampuni ndogo ya kuchenjua dhahabu huku Geita, tunasaga mawe ya wachimbaji kwa karasha mbili (mapipa ya chuma yanayozunguka yakiwa na gololi za chuma ndani) halafu marudio yake, yaani mchanga unaobaki, yanaingia kwenye matenki ya sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki humo. Gridi haijafika kwetu, kwahiyo miaka yote ni dizeli, jenereta la kVA 150 linaunguruma saa 24 na mapipa mawili ya lita 200 kwa siku hayatoshi. Mwaka jana anayetukopesha mtaji akaleta fomu, anataka kujua tunatumia nishati kiasi gani na asilimia ngapi ni jadidifu, yaani isiyoisha kama jua na maji. Mzee, bosi wetu, akanipa mimi, "kijana we ndo mtu wa umeme, jaza hiyo." Nikamwambia mzee naomba wiki mbili nipime kwanza maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua.

Nikachukua kauntabuku, mita ya klampu ya kupimia umeme kwenye waya na kijiti cha kupimia tenki la dizeli, nikawa naandika kila saa. Mchana karasha zote zikiwa kazini, mota za kilowati 55 kila moja, jenereta linakula kama lita 30 kwa saa na kila lita inanipa uniti 3. Hapo sawa. Usiku ndo niliumia, karasha zinazimwa saa 11 jioni, inabaki pampu ya kuzungusha maji ya sayanaidi na taa za kambi, mzigo haufiki hata kilowati 15 lakini jenereta bado linakula lita 8 kwa saa kwa sababu likubwa likibeba mzigo mdogo linateketeza mafuta bure, mpaka saa 1 asubuhi ni lita 112 zimeenda.

Muuza sola aliyekuja alitaka tununue betri za kuendesha pampu usiku kucha, bei yake mzee alikaa kimya dakika nzima. Mi nikawa naangalia kile kilima nyuma ya mtambo. Nikasema kwanini tusipandishe maji mchana jua likiwepo, usiku yashuke yenyewe kwenye matenki? Tukajenga tenki la matofali la lita 70,000 pale juu, ndani tukatandika plastiki nzito, pampu ya zamani ya kilowati 7.5 iliyokuwa inafanya kazi koki imefungwa nusu tukaitoa tukaweka ya kilowati 4 na paneli 12 za wati 550. Kambi ikapata paneli zake na betri ndogo.

Sasa kosa langu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ile ni sumu na bonde letu lina mbuzi na watoto wanachota maji. Nilihesabu tenki la juu nikasahau kwamba maji yanayoshuka usiku lazima yakae mahali mpaka jua litoke, na shimo la chini lilikuwa dogo. Usiku wa tatu mlinzi akagonga mlango, "fundi amka, maji yanakaribia ukingo!" Nilikimbia peku kufunga koki, yalibaki kama vidole vinne. Hatukuendelea mpaka shimo la pili limechimbwa na kutandikwa plastiki.

Sasa hivi tuko kwenye lita kama 300 kwa siku kutoka zaidi ya 400. Vumbi la karasha linaziba paneli kwahiyo zinaoshwa kila asubuhi, na siku za mawingu pampu inatumia umeme wa jenereta mchana wakati tunasaga.

Kwenye fomu, sola ilitoka asilimia 4 tu ya uniti zote. Mzee alikata tamaa, nikamwonyesha kwamba dizeli imeshuka robo nzima, nikaiandika kwa mkono chini ya kile kisanduku maana asilimia peke yake ingetuonea. Gridi ikifika tutapata na umeme wa Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, ila sitaandika wote ni jadidifu kwa sababu kwenye gridi kuna umeme wa gesi ya Mtwara na Songosongo pia.

Saa hizi kauntabuku limehamia kwenye karasha, nimegundua zikizunguka tupu zikisubiri viroba vya mawe mota inavuta karibu sawa na zikiwa zimejaa, maana uzito mkubwa ni wa gololi. Nimeshahesabu dakika 95 za hivyo kwa siku moja.