Chui na miezi tisa ya ujauzito wangu

Kabla sijajua kwamba nina mimba, Chui, mbwa wangu jike mwenye umri wa miaka mitano, alianza kunifuata hadi bafuni na kulala nje ya mlango akiwa ameuegemea kwa mgongo, hivi kwamba kila nilipoufungua aliniangukia miguuni. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, naye akaja, akaweka miguu ya mbele magotini pangu na kuninusa mdomo kwa muda mrefu, pua ikitetemeka na mdomo ukiwa wazi kidogo, kama afanyavyo anapokuta mkojo wa mbwa mgeni kwenye nguzo. Siku kumi baadaye kipimo kilionyesha mistari miwili. Tangu hapo kila ninayemsimulia hunijibu kwa maneno yaleyale: mbwa alijua.

Kwa muda mrefu na mimi nilisema hivyohivyo. Siku hizi nasita, kwa sababu neno hilo linampa mbwa elimu asiyokuwa nayo na papo hapo linamnyima sifa anayoistahili kweli. Sioni sababu ya kuamini kwamba Chui alikuwa na wazo la mtoto atakayezaliwa miezi minane baadaye. Anachokifahamu, tena kwa undani ambao sisi hatuufikii, ni mwili wa mtu anayeishi naye, na mwili huo unapoanza kubadilika yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kupata habari, hata kama hana njia ya kujua habari hiyo inahusu nini.

Pua yake ndiyo inayomwezesha. Binadamu anakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu milioni 5 au 6, ilhali mbwa ana kati ya milioni 200 na 300, kutegemea aina yake. Zaidi ya hapo, juu ya kaakaa lake, nyuma ya meno ya mbele, kuna kiungo cha Jacobson, kilichopewa jina la mtaalamu wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19, ambacho hupokea kemikali ambazo wanyama huachiana kama ujumbe, zikiwamo zile za uzazi. Kwamba mbwa anaweza kusoma hali ya uzazi ya mnyama wa jamii nyingine si jambo la kubuni, kwani tangu mwaka 1978 watafiti walikwisha kuonyesha kwamba mbwa aliyefunzwa anaweza kumtambua ng'ombe aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, kwa kunusa mkojo au ute wake. Kwa mjamzito mambo ya kunusa ni mengi zaidi. Yai lililorutubishwa likishajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, mwili huanza kutoa homoni ileile inayopimwa katika mkojo. Homoni za uzazi, projesteroni na estrojeni, hupanda wiki baada ya wiki. Jasho huongezeka, na kichefuchefu hubadilisha mlo, hivyo hubadilisha na pumzi. Majaribio ya kisayansi kuhusu mbwa na ujauzito wa binadamu ni haba, na mengi tunayoyasikia ni masimulizi ya wafugaji kama mimi, lakini kwa pua ya namna hiyo siwezi kuamini kwamba Chui hakuona tofauti yoyote.

Hata hivyo, harufu ya mimba haikuwa jambo pekee lililobadilika nyumbani, na hapa inanibidi niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mimba hii ilikuja baada ya nyingine kuharibika mwaka uliotangulia, na hata kabla ya kupima nilikuwa natembea na hofu, nahesabu siku, naamka usiku kwenda bafuni kuangalia kama kuna damu. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast waliwapa mbwa wanne sampuli za pumzi na jasho la watu, zilizochukuliwa kabla na baada ya watu hao kupewa hesabu ngumu za kichwa, na katika zaidi ya asilimia 90 ya majaribio mbwa hao waliitambua sampuli ya mtu aliyekuwa na msongo. Miaka mitatu kabla ya hapo, huko Linköping nchini Sweden, nywele za mbwa 58 na za wenyewe zilipimwa kotisoli, homoni ya msongo, ikaonekana kwamba kiwango cha msongo cha mbwa kwa miezi kadhaa kilikwenda sambamba na cha mtu anayeishi naye. Basi nikikumbuka Chui akiwa amelala pale mlangoni, najiuliza kama alichokuwa akikifuata ni mimba au ni hofu yangu. Nimejaribu pia kukumbuka kama alinifuata hivyo katika mimba ile ya kwanza, nikashindwa, kwa kuwa mimba iliyoharibika haina anayekuuliza mbwa wako alifanya nini.

Mwezi wa nne ulituletea jambo lililowashangaza wote waliotutembelea. Matiti ya Chui yalivimba na kuanza kutoa maziwa, akachukua ndala yangu moja ya kushoto, akaitia katika kikapu chake, akawa anailamba na kuizungushia mwili kila mtu alipokaribia. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na alikuwa na furaha kubwa kuliko sisi sote, alisema kwamba mbwa amebeba mimba pamoja nami. Nilitamani iwe hivyo. Daktari wa mifugo alimkagua, akaniuliza swali moja tu, la lini alipata joto mara ya mwisho, nami nikahesabu nikakuta ni kama wiki saba zilizopita. Hiyo ni mimba ya uongo, akasema, na haina uhusiano wowote na yangu: baada ya joto mwili wa mbwa jike hutoa projesteroni kwa wiki kadhaa, awe amepandwa au hakupandwa, na homoni hiyo inaposhuka prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda na kumwamsha mama aliye ndani yake, karibu na wakati uleule ambao angezaa, kwa kuwa mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Alituagiza tusimkamue wala kumkanda matiti, kwa sababu kufanya hivyo huongeza maziwa, na tuiondoe ndala kwa upole wakati yuko nje. Baada ya wiki tatu hali ile iliisha yenyewe. Nalisimulia jambo hili kwa sababu nimekwisha kukutana na wanawake wengine wawili walioambiwa kwamba mbwa wao alishiriki mimba yao, na katika nyumba hizo hakuna aliyehesabu wiki tangu mbwa apate joto.

Lililonipa somo gumu zaidi ni kunguruma. Kuanzia mwezi wa sita Chui alikuwa akijilaza kati yangu na mume wangu kwenye kochi, kichwa chake kikiwa juu ya tumbo langu, na usiku mmoja mume wangu aliponyoosha mkono kuligusa tumbo, Chui alinguruma. Tulicheka, tukamsifu. Aliporudia, tulicheka tena, tukapiga na picha. Nilipoitazama picha ile siku chache baadaye niliona nilichokuwa sijakiona: masikio yamelala nyuma, weupe wa macho unaonekana pembeni, ulimi umetoka kulamba pua, mwili mzima umekakamaa. Huyo hakuwa mlinzi aliyejawa na mapenzi, bali mbwa mwenye wasiwasi, ambaye mtu wake ameanza kutembea kwa mwendo mwingine, miguu ikiwa mbali na mgongo ukiwa umepinda, hamtembezi tena kwa saa zilezile, analala mchana, na chumba alichozoea kulala kimejaa vitu vigeni asivyoruhusiwa kuvigusa. Mbwa anayenguruma anatoa onyo, na ukimwadhibu kwa kunguruma unaweza kuliondoa onyo ukaliacha jino. Kumsifu nako, kama tulivyofanya, ni kumfundisha kwamba tumbo lile, na baadaye mtoto yule, ni mali ya kulindwa dhidi ya watu wa nyumbani.

Kwa hiyo tulibadilisha mambo, tena mapema, kabla ya mtoto kuja, ili Chui asimwone mtoto kuwa sababu ya kila anachonyimwa. Mume wangu ndiye aliyechukua kazi ya kumlisha na kumtembeza. Kikapu chake tulikihamishia sebuleni, na kila aliposhuka kwenye kochi kwa kuambiwa alipewa kipande cha chakula anachokipenda. Tulimchezea sauti ya mtoto anayelia, mwanzoni kwa kiwango ambacho mimi mwenyewe nilikuwa siisikii vizuri, tukiongeza kidogo kila siku mradi aendelee kula kwa utulivu. Dawa ya minyoo na chanjo zilikamilishwa. Kuhusu toksoplasma, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambavyo majirani walinitisha navyo, vimelea hivyo hukamilisha uzazi wao ndani ya utumbo wa paka na si wa mbwa, na hatari niliyokuwa nayo kwa Chui ilikuwa ya kawaida zaidi, yaani kujikwaa juu yake gizani au kurukiwa tumboni kwa furaha nilipoingia ndani. Tena kuna sharti moja ambalo sikubali mtu alipunguze, hata kwa mbwa mpole kuliko wote: mtoto mchanga haachwi peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango.

Kunguruma kuliisha kabla ya mwezi wa nane kwisha. Kunifuata bafuni hakukuisha, na sikukukataza, maana nilikuwa nimekuzoea na kulinituliza.

Siku ya pili baada ya kujifungua, nikiwa bado wodini, mume wangu alirudi nyumbani na kofia ndogo ambayo mtoto alikuwa ameivaa usiku kucha. Aliketi sakafuni akaishika mkononi bila kumwita Chui, akamwacha aje mwenyewe. Aliniambia kwamba Chui alikuja taratibu, akainusa kwa muda mrefu, pua ikitetemeka na mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha akaenda moja kwa moja hadi bafuni na kujilaza kwa kuuegemea mlango, ingawa ndani hapakuwa na mtu.