Nilifeli pepa la kumbukumbu kwa kusahau, sapu nikarudi kivingine

Swali la tatu nililiona nikatabasamu kabisa. Lilitaka mtu aeleze kumbukumbu ya muda mrefu inagawanyikaje, na hiyo sehemu mimi nilikuwa nimeisoma si chini ya mara kumi, ukurasa wenyewe naujua, upande wa kushoto juu, umepakwa hailaita ya njano, pembeni kuna duara la kikombe nilichokiweka juu ya daftari kwa uvivu. Nikafumba macho niusome. Njano naiona. Duara naliona. Maneno hakuna! Nikakaa kama dakika ishirini nalikodolea macho duara la kikombe ndani ya kichwa changu mwenyewe, mwishowe nikaandika habari za jumla jumla kwamba ubongo ni kiungo muhimu sana kwa binadamu. Matokeo yakaja thelathini na kitu. Sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Sasa mtu mzima una miaka 43, una watoto watatu, umerudi shule kwa mbwembwe zote, halafu unafeli pepa la kumbukumbu kwa sababu umesahau. Utani niliopigwa nyumbani sitaki hata kuusimulia.

Ushauri ukaanza kumiminika. Shemeji yangu akasema, "Shemeji, wewe rudia tu, soma mara ishirini, kitashika chenyewe." Mwingine akaniambia kichwa cha mtu mzima kimeshajaa, hakina nafasi tena, na huyu ndiye aliyenikera kuliko wote, maana hakuna mtafiti aliyewahi kuonyesha kwamba stoo ya muda mrefu inajaa. Inayojaa ni ile ya muda mfupi, hiyo mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba inabeba vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja. Mimi hayo nilikuwa nimeyasoma jamani, ila nilikuwa nayasoma kama mambo ya mtihani, haikunijia kabisa kwamba yananihusu.

Ushauri wa tatu nikaufuata, na huu ndio nataka muusikie vizuri. Nirekodi notsi kwa sauti yangu halafu nisikilize nikiwa nimelala, eti ubongo unameza wenyewe. Nikarekodi jioni nzima, karibu saa mbili za sauti, nikanunua na spika za masikioni ambazo hazikuwa za bei ya kuchezea, nikalala nazo. Usiku wa kwanza waya ukanizunguka shingoni nikaamka nahema. Usiku wa pili nikaota lekcha ananifokea kwa sauti yangu mwenyewe. Usiku wa nne nikajipima asubuhi: kitu pekee nilichokuwa nakumbuka bila kosa ni kikohozi changu, nilikohoa mara mbili katikati ya maelezo ya hipokampasi. Hipokampasi yenyewe, hiyo sehemu ya ubongo, inafanya nini, sikumbuki. Na usingizi nimekosa wiki nzima, wakati usingizi ndio wenye kazi hapo. Tangu mwaka 1924 watafiti Jenkins na Dallenbach walionyesha kwamba mtu akijifunza kitu kisha akalala anasahau kidogo kuliko aliyejifunza akabaki macho kwa muda huo huo. Yaani unajifunza kwanza, halafu unalala. Mimi nilitaka nivifanye vyote kwa mpigo.

Kilichonigeuza ni zile zile notsi, nilipozisoma safari hii kwa hasira. Kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa kitabu baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka, anakariri silabi zisizo na maana yoyote, orodha kwa orodha, kisha anajipima amebakiza nini. Aliona kwamba ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi imeshapotea, na baada ya siku moja kama theluthi mbili, halafu kasi ya kusahau inapungua. Hapo nikajisemea kumbe si mimi tu. Lakini iliyonishika koo ni hii: aligundua kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 ya kupiga kwa mkupuo siku moja. Thelathini na nane! Mimi mara zangu kumi zote nilizipiga Jumamosi moja, mtihani Jumatatu wiki iliyofuata.

Halafu kuna watafiti Roediger na Karpicke, 2006. Wanafunzi walisoma habari fupi, baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakafunga karatasi wakaandika wanachokikumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma wanaongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yamepinduka, waliojipima wamebaki na 56, wasomaji wamebaki na 42. Hapo ndipo nilipoelewa ile Jumamosi yangu. Nilikuwa najisikia mjuzi kwa sababu nilikuwa bado ndani ya zile dakika tano. Kuitambua sentensi ukiiona ni kitu kimoja, kuitoa kichwani ukurasa ukiwa mweupe ni kitu kingine kabisa, na shemeji kwa mara zake ishirini angenizidishia hicho cha kwanza tu.

Basi hailaita nikawapa watoto wachoree. Nikakata kadi, mbele swali, nyuma jibu, nikatafuta maboksi matatu ya viatu. Boksi la kwanza kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Ukijibu sawa kadi inapanda boksi, ukikosea inarudi la kwanza hata kama ilikuwa imeshafika juu. Mtahini nikamteua binti yangu wa miaka kumi na mbili, kosa kubwa au baraka kubwa, sijui. Mtoto hana huruma hata chembe.

"Mama, hipokampasi umesema 'inahusika na kumbukumbu'. Hapa imeandikwa 'inasaidia kuunda kumbukumbu mpya za muda mrefu'. Narudisha."

"Mwanangu, si ni kitu kile kile?"

"Si kile kile. Boksi la kwanza."

Na kweli haikuwa kitu kile kile, kwa sababu ya Henry Molaison. Huyu alikuwa kijana wa Marekani mwenye kifafa kikali, mwaka 1953 akiwa na miaka 27 daktari William Scoville akamtoa sehemu za ubongo pande zote mbili pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Degedege likapungua, lakini toka siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya, ukitoka chumbani ukarudi anakusalimia upya. Mambo mengi ya zamani yalibaki. Sasa mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku anautazama mkono wake kwenye kioo tu, na siku hadi siku akawa anachora vizuri zaidi, ila kila siku anasema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mikono inakumbuka, mwenyewe hakumbuki!

Binti hakuamini. Tukasimamisha kioo mezani, kadibodi juu ili mkono usionekane moja kwa moja, tukachora. Nyota yangu ya kwanza ilikuwa kama buibui aliyekanyagwa, kila nikitaka kwenda kulia mkono unagoma kwenye kona unatetemeka pale pale. Siku ya tatu nikatoa nyota inayotambulika. Kadi ya Molaison sikuikosa tena mpaka leo. Craik na Lockhart walishaeleza mwaka 1972 kwamba kitu unachokichakata kwa kina, kwa maana yake, kinakaa kuliko unachokipitia juu juu, na nadhani hakuna kina kuzidi kugombana na mkono wako mwenyewe mbele ya mtoto anayecheka.

Majina na miaka ndiyo yalikuwa yananiponyoka, nikatumia mbinu ya kale ya kupanga vitu kwenye nyumba unayoijua. Mlangoni nikamweka Ebbinghaus anahesabu silabi, hafungui mpaka amalize. Kwenye kioo cha korido Molaison na nyota yake. Kwenye beseni la kuogea wapiga mbizi wa Godden na Baddeley, 1975, wale waliokumbuka vizuri zaidi maneno waliyojifunzia chini ya maji wakiulizwa chini ya maji, na ya nchi kavu wakiulizwa nchi kavu. (Na ndio maana niliacha kusomea kitandani, nikahamia kiti kigumu na saa mbele yangu.) Kwenye kabati Endel Tulving, 1972, aliyetenganisha aina mbili za kumbukumbu: droo ya juu albamu ya picha, hiyo kumbukumbu ya matukio, siku ya harusi yangu na mvua ilivyonyesha, droo ya chini kamusi, hiyo kumbukumbu ya maarifa, najua neno lakini sikumbuki nilijifunza lini. Dirishani Elizabeth Loftus na vioo vimetapakaa sakafuni.

Wiki ya mtihani mume wangu akahamisha kabati. Nilipiga kelele, jirani angedhani kuna mwizi. "Umemtoa Tulving!" Baba watu akaduwaa. Kumbe wala haikuharibu kitu, kichwani kabati lilibaki pale pale lilipokuwa.

Sapu nikaenda nimelala vizuri. Swali la kumbukumbu za uongo lilikuja, nikatembea mpaka dirishani nikamkuta Loftus: yeye na Palmer, 1974, waliwaonyesha watu filamu ya ajali, wengine wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana, wengine yalipopondana, wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Wa "pondana" 16 kati ya 50 walisema waliviona, wa "gongana" 7 kati ya 50. Nikaandika yote bila kusita, mpaka lekcha msimamizi akanisogelea kuangalia kama nina karatasi mahali. Nilipata sabini na kitu.

Jioni ya matokeo nikalitoa lile daftari la zamani nimwonyeshe binti ukurasa ulionitesa, nimtambie kidogo. Nikafungua. Aya ya migawanyo ya kumbukumbu iko upande wa kulia, chini. Imepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu, njano hakuna. Duara la kikombe nikalitafuta mpaka nikalikuta kurasa sita mbele, kwenye sura ya motisha.

Binti akaangalia daftari, akaniangalia mimi.

"Mama, boksi la kwanza."